Hajiri Mbele ya Sara

Wanatheolojia wengi wa kizungu waliotetea ukombozi wa wanawake huko Marekani walimzungumzia mwanamke kana kwamba wanawake wote wana hali moja, na mdhalimu wao ni mwanamume peke yake. Delores Williams, mwanatheolojia mweusi, alipinga mtazamo huo katika kitabu chake Sisters in the Wilderness, kilichotolewa mwaka 1993. Yeye ni miongoni mwa wale walioacha jina la ufeministi wakajiita wumanisti, jina walilolipata kwa mwandishi Alice Walker.

Hoja yake ni nzito. Katika Mwanzo 16 na 21 Ibrahimu anashiriki katika kumwonea Hajiri, lakini aliyemtesa hata akakimbia ni Sara, mwanamke mwenziwe. Tumbo la mjakazi huyu Mmisri latumiwa kwa faida ya bibi yake. Kisha yeye na mwanawe wafukuzwa. Williams aona humo historia ya wanawake weusi, ambao wakati wa utumwa walinyonyesha watoto wa mabibi zao, na hata baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865 wengi waliendelea kupika na kufua katika nyumba za wazungu. Wala hawaachi wanaume weusi: theolojia yao ya ukombozi, iliyoshika sana habari za Kutoka, ilimsahau mjakazi ambaye Mungu alimwagiza arudi kwa bibi yake, na baadaye akampa maji jangwani apate kuishi.

Mpaka hapo tunamfuata. Tunatengana naye juu ya msalaba. Kwa kuwa mwanamke mweusi amelazimishwa kubeba mizigo ya wengine, Williams akataa kwamba twaokolewa kwa Yesu kufa badala yetu. Wokovu auona katika maisha na huduma yake. Sisi Walutheri hatuwezi kukubali hayo. Kristo alijitoa kwa hiari yake. Hajiri alitolewa na wengine.

Hata hivyo, tofauti hiyo twaisahau mimbarani. Tunapomwambia mwanamke anayepigwa achukue msalaba wake na kunyamaza, twathibitisha shutuma ya Williams. Waebrania 10 yafundisha kwamba sadaka imekwisha kutolewa mara moja tu. Basi hakuna mwanamke anayepaswa kutolewa tena. Wanafunzi wetu na wakisome kitabu hiki kabla ya kuhubiri Ijumaa Kuu.