Kuanzisha na Kuandikisha: Uhakiki wa Vitenzi vya systemctl

Lugha ya amri ni fupi mno, na kwa hiyo neno moja lisilofaa huleta hasara kubwa. Jambo hilo hudhihirika katika systemctl, chombo cha kuendesha huduma katika seva za Linux. Ni sehemu ya systemd, mfumo uliotolewa mwaka 2010 na kukubaliwa na Debian kuwa mfumo wake wa kawaida katika toleo la 8, mwaka 2015.

Kwanza, mpangilio wa maneno unastahili sifa. Katika mtindo wa zamani jina la huduma lilitangulia kitenzi: service ssh start. Sasa kitenzi hutangulia: systemctl start ssh. Mpangilio huu unalingana na amri ya Kiswahili, «anzisha ssh». Aidha, kitenzi kimoja chaweza kutumikia huduma kadhaa kwa pamoja.

Kasoro hujitokeza katika kufasiri enable. Programu nyingi za Kiswahili hutumia «wezesha», na msomaji hudhani kwamba huduma imekwisha kuanza kazi. Sivyo. Peke yake amri hiyo haianzishi huduma. Kwa kawaida huweka kiungo ndani ya folda ya /etc/systemd/system, ili huduma ianzishwe mashine itakapowaka tena. Start, kwa upande wake, huanzisha sasa hivi bila kuahidi lolote kuhusu kesho. «Wezesha» huficha tofauti hiyo ya nyakati, kama «activer» ya Kifaransa inavyoificha. «Andikisha» lingefaa zaidi: mwanafunzi aliyeandikishwa yumo katika orodha, lakini huenda bado hajaingia darasani.

Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, huduma iliyoanzishwa bila kuandikishwa hufanya kazi vyema hadi umeme ukatike. Ukirudi, seva huwaka, huduma hubaki imelala, na watumiaji hungoja bure.

Tena, start inapofaulu hunyamaza. Kimya hicho kisiaminiwe upesi, kwani katika huduma za aina iitwayo simple amri huweza kurudi bila lalamiko, kisha programu ikaanguka papo hapo. Hivyo basi, status haina budi kufuata.

Mwenye kutafsiri amri na aulize kwanza inatenda nini, na lini. Ndipo achague kitenzi.