Mkono Unaoonekana: Saikolojia ya Utoaji wa Sadaka katika Makanisa ya Bujumbura

Mwaka 2005 mwanauchumi Adriaan Soetevent alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika makanisa 30 ya Uholanzi. Badala ya mifuko iliyofungwa, waumini walipitishiwa vikapu vya wazi, hivyo jirani akaweza kuona kilichotolewa. Sadaka ya kwanza haikubadilika. Ya pili iliongezeka kwa asilimia 10, kisha ongezeko likafifia.

Jaribio hilo lina thamani, ila tukilileta Bujumbura linatuacha njiani, kwa kuwa linachukulia kwamba muumini ameketi na chombo ndicho kinachomfuata. Katika makanisa mengi ya kilokole ya Kamenge au Kanyosha, muumini ndiye anayekifuata chombo: kwaya inaimba, safu zinainuka moja baada ya nyingine, watu wanakwenda mbele wakicheza. Hapa kinachoonekana si kiasi, bali ni kule kuinuka. Noti ndogo iliyokunjwa kiganjani humwezesha maskini kushiriki bila aibu. Asiye na kitu hubaki benchini peke yake. Shinikizo kubwa, basi, halimwelemei anayetoa kidogo. Humwelemea asiyetoa kabisa, na katika nchi yenye umaskini kama Burundi huyo si mtu wa nadra.

Wahakiki wa mahubiri ya “kupanda mbegu” wamekikazia macho mno kinywa cha mhubiri, wakausahau mpangilio wa benchi. Lakini kiongozi anapowasimamisha kwanza wanaoahidi kiasi kikubwa, kisha wa kiasi cha chini yake, hukirudisha kiasi hadharani. Hapo, kwa maoni yangu, ibada imegeuka mnada. Sheria ya Burundi ya tarehe 31 Desemba 2014 kuhusu madhehebu ya dini huweka masharti ya kutambuliwa kwao. Cheti cha kutambuliwa hakiwezi kusimamia dakika hizo chache.

Simu nayo imegeuza mambo. Fungu la kumi (icacumi kwa Kirundi) linapotumwa kwa Lumicash, jirani haoni lolote, na mtu angedhani kwamba agizo la Mathayo 6 la kutoa kwa siri limetimia. Kumbe jina, kiasi na tarehe vimebaki mikononi mwa mwenye akaunti. Nani aione orodha hiyo, na ihifadhiwe kwa muda gani? Wazee wa kanisa wangelijibu hilo kabla ya kubandika namba ya simu ukutani.