Maswali Mawili kwa Beki Mmoja

Utotoni nilicheza beki wa kushoto, kwenye kiwanja cha chandimu ambacho goli moja lilikuwa matofali mawili na jingine ndala. Mpira wetu ulikuwa wa matambara na mifuko ya nailoni, umefungwa kamba ukakaza. Winga mwenye mbio hakunitisha sana, kwani mbio unaweza kuzikata ukiwahi kusimama panapofaa. Aliyeninyima raha ni kijana mmoja asiyekuja kwangu na mpira hata kidogo. Alisimama nyuma ya bega langu, kimya, wakati mwenzake anakuja na mpira mbele yangu. Nikimwendea wa mbele, wa nyuma kashapita. Nikibaki na wa nyuma, wa mbele anapiga. Niligeuza shingo huku na huku, na nilipomaliza kugeuza, wenzangu walikuwa wameshaanza kulaumiana.

Mpira bado nautazama kwa macho ya yule beki. Timu yangu, Yanga, ikishambulia, kibanda umiza kizima hufuata mpira. Mimi humtafuta beki wa timu pinzani. Nikimwona anageuza shingo mara ya pili, furaha yangu imeshaanza, hata kama mpira bado uko katikati ya uwanja.

Msimu wa 2022/23 tulikuwa na Fiston Mayele, na mashambulizi yetu yote yalijua njia ya kwenda kwake. Alifunga mabao saba kwenye Kombe la Shirikisho Afrika, akawa mfungaji bora wa mashindano yale tuliyofika fainali, na nchi nzima ikajifunza kutetema, mtindo wake wa kushangilia. Nilimpenda sana. Lakini beki aliyecheza na Mayele alikuwa na swali moja tu, gumu kweli kweli, ila moja: yuko wapi? Alipoondoka kwenda Misri katikati ya 2023, mtaani kwetu watu waliomboleza. Nani atafunga?

Jibu alilokuja nalo kocha Miguel Gamondi lilikuwa kwamba atafunga yeyote. Nyuma ya mshambuliaji Kennedy Musonda walicheza watu watatu ambao hadi leo nashindwa kusema kwa uhakika nani alikuwa winga na nani namba 10. Stephane Aziz Ki, mwenye mguu wa kushoto unaopiga mpira kama unaukabidhi mkononi. Pacome Zouzoua, aliyekuja kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan kama Aziz Ki alivyokuja mwaka mmoja kabla yake. Na Maxi Nzengeli, Mkongo mfupi asiyechoka. Watatu hawa waliacha pembeni na kuingia ndani, kwenye kile kiuchochoro kilicho kati ya viungo na mabeki. Pembeni walipopaacha wazi akapanda Yao Kouassi upande wa kulia, na Joyce Lomalisa upande wa kushoto.

Jiweke sasa mahali pa beki wa kushoto wa timu pinzani. Mtu wako ameingia ndani. Ukimfuata, umemfungulia Yao barabara nzima. Ukikaa, Maxi anapokea mpira akiwa ameshageuka, analitazama goli lenu. Unamwita kiungo wako amkabe, naye ana Pacome wa kwake wa kumhangaikia. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na pasi imeshapigwa.

Watu husifu kasi, nami naisifu, lakini ninachokiheshimu zaidi ni ule utulivu kabla ya kasi. Djigui Diarra, kipa, anasimama na mpira mguuni kama mtu anayesubiri daladala. Anampa Dickson Job, Job anamrudishia. Kibandani watu wanapiga kelele: pelekeni mbele! Hawataki. Wanamsubiri mpinzani achoke kuvumilia, atoke mahali pake hatua mbili. Hizo hatua mbili ndizo mlango. Kampa kampa tena tumeipenda siku zote, lakini pasi nyingi za namna ile zilikuwa za kujifurahisha. Hizi zilikuwa chambo.

Ndiyo maana Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, uwanjani kwa Mkapa, sikuwa na wasiwasi wakati wa mapumziko. Musonda alikuwa ametangulia kufunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, ubao ukasoma 1-1 dhidi ya Simba. Wenzangu hawakunywa hata maji. Mimi nilikuwa nimeziona shingo za mabeki wa Simba dakika 45 nzima. Shingo huchoka kabla ya miguu.

Dakika ya 64, Maxi. Ya 73, Aziz Ki. Ya 77, Maxi tena. Ya 87, penalti, Pacome. Tano kwa moja, mabao yamegawanywa na watu wanne. Sisi ambao tangu tarehe 6 Mei 2012 tulikuwa tukinyooshewa vidole vitano na watani wetu, kwa zile 5-0 walizotufunga, tulitoka nje tukiwa na mkono wa kunyoosha. Miezi mitatu baadaye CR Belouizdad ya Algeria ilikula nne kwenye uwanja ule ule, nazo zilifungwa na wanne tofauti: Mudathir Yahya, Aziz Ki, Musonda, Joseph Guede. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa tukaingia. Aziz Ki alimaliza ligi na mabao 21, mfungaji bora, na ubingwa wa 30 ukaenda Jangwani, makao ya klabu yetu.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi ya Jumatatu baada ya zile tano. Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja wa Simba, mtaalamu wa drafti, mtu wa heshima. Nilimwamkia, akaitikia, wala sikuthubutu kunyoosha mkono. Aliniagizia kahawa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hivi wale viungo wenu, mwanangu, walikuwa wanatokea wapi?"

Nikavuta vile vifuniko vya soda tunavyochezea drafti. Nikapanga vyeupe vinne, mabeki wake, na viwili mbele yao. Kwa vya kijani nikaweka watatu wetu ndani, kiungo Khalid Aucho nyuma yao, Yao na Lomalisa pembeni, Musonda mbele. Mzee akainama. Akamsogeza beki wake wa kushoto ndani kumfuata Maxi, akaona njia ya Yao, akamrudisha. Akamshusha kiungo mmoja, akaona Aucho amebaki peke yake na nafasi ya kupiga pasi popote, akampandisha tena. Kahawa yake ilipoa. Alikishika kile kifuniko cha beki wa kushoto kwa mara ya tatu, akakizungusha kidogo kwa kidole, kisha akakiacha pale pale kilipokuwa.