Paa la Udongo Juu ya Panda

Fundi wa tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, hana haja ya kuhangaikia udongo, maana umejaa kila mahali. Kinachomtoa nyumbani alfajiri ni miti: nguzo ngumu zinazowashinda mchwa, kila moja ikiwa na panda nzuri kichwani. Panda ikiwa finyu, boriti haitakaa. Ikiwa imetanuka mno, itapasuka siku paa litakapolowa. Fundi huichagua panda mti ukiwa bado umesimama, kabla hajainua shoka, na uamuzi huo ndio utakaoibeba nyumba yote.

Nguzo huchimbiwa kwa safu. Juu ya panda hulazwa boriti, juu ya boriti mapau, kisha fito na matawi yaliyobanana, nyasi, na mwisho kabisa udongo unaoshindiliwa mpaka ukakamae. Ni mzigo mzito sana, na wote unatua kwenye nguzo. Ukuta wa fito zilizokandikwa udongo haubebi kitu. Umewekwa kuzuia upepo, jua na macho ya wapita njia.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wazee waliobuni jambo hili. Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, una mchwa wengi, na mvua zake, japo chache, hupiga kwa hasira. Ukuta ukiliwa au ukimomonyoka, wenye nyumba hubomoa kipande kilichoharibika na kukandika upya, paa likiwa palepale na familia ikiendelea kulala ndani. Hakuna haja ya kuvunja nyumba nzima kwa ajili ya kona moja. Nyumba ngapi za matofali zinazojengwa leo zinaruhusu ukarabati wa namna hiyo?

Paa bapa nalo lina hesabu yake. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Bukoba, kwenye mvua mara tatu na zaidi ya hizo, paa kama hili lingeporomoka, na ndiyo sababu Wahaya walijenga msonge wa nyasi zinazoteremka hadi chini. Kwa Mgogo, miezi mikavu huligeuza paa kuwa uwanja wa pili: huanikwa mtama, uwele na majani ya mlenda, juu kabisa ambako mbuzi hawafiki kwa urahisi. Mchana wa jua kali udongo huo mnene huchelewesha joto kuingia. Usiku wa Julai, upepo wa baridi unapovuma uwandani, huchelewesha joto kutoka.

Tembe ni fupi. Mtu mzima huinama mlangoni, na upepo hupita juu bila kupata pa kushika. Mabawa yake huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala, kwa hiyo zamani mwizi wa mifugo alilazimika kwanza kuipita nyumba ya watu. Kila mke ana nyumba yake ndani ya bawa, yenye chumba cha ndani, kugati, na cha nje, ikumbo. Familia ikiongezeka, safu ya nguzo hurefushwa.

Ujenzi huu haukuishia kwa wafugaji. Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe ambamo wasafiri Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, na leo ni makumbusho. Mlango wake ni wa nakshi za pwani na paa lake ni bapa, la bara. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuja na fundi wa milango, lakini kuhusu paa walikubali ushauri wa wenyeji. Naona walifanya busara.

Tembe lina kasoro zake. Paa lisiposhindiliwa upya kabla ya msimu wa mvua huvuja, na sakafu ya vumbi ilikuwa maskani ya papasi, wadudu waliowaletea watu homa kali. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, matembe mengi yaliachwa, na tangu hapo bati limeendelea kuchukua nafasi. Simlaumu aliyetaka sakafu ya saruji. Ila bati tupu chini ya jua la Dodoma ni mateso, na panda, boriti na paa la udongo havikuwa na kosa katika suala la papasi.

Makao makuu ya nchi yako Dodoma, na majengo yanaota kila mwezi. Wasanifu wanaoyachora wangefaa kutenga siku moja waende Chamwino au Bahi, wakae na mzee aliyewahi kusimamisha tembe, wamwombe awaonyeshe anavyoichagua panda mti ukiwa bado umesimama. Waende sasa, mafundi hao wangali hai.