Wamama Katika Maua Mekundu

Picha ya Claude Monet iitwayo Coquelicots, ya mwaka 1873, ni ndogo: sentimetri 50 kwa 65. Yatunzwa Paris, katika Musée d'Orsay, na nakala zake ziko katika vitabu vingi. Mama mwenye mwavuli anapita shambani pamoja na mtoto wake, majani yakimficha mtoto nusu. Juu ya mteremko, upande wa kushoto, mama mwingine na mtoto mwingine. Nyuso hazionekani sawasawa. Nayo maua ni matone mekundu tu. Anayeyakaribia haoni ua, anaona rangi. Mwaka 1874 picha hiyo ilionyeshwa Paris pamoja na za rafiki zake Monet, na mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, akawacheka akawaita « impressionnistes ». Jina la dharau likabaki kuwa jina lao.

Butembo, mama mmoja aliyeiona nakala aliuliza: « Mzigo wake uko wapi? » Kwetu mama anayetoka shambani hubeba mihogo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Huyu ana mwavuli. Ulizo hilo ni la haki, wala hatutaki kulizima kwa kusifu rangi: picha haineni lolote juu ya waliolima nchi ile.

Lakini tutazame miaka. Vita ya Wafaransa na Waprusi ilikwisha mwaka 1871. Monet alikuwa amekimbilia London; kisha, mwishoni mwa mwaka ule, akakaa Argenteuil, mji ambao madaraja yake yalivunjwa vitani. Katika picha hakuna hata alama moja ya hayo. Je, ni kusahau? Sisi twafikiri mchoraji ameonyesha kile ambacho vita hunyang'anya kwanza: mtoto kumfuata mama katika majani marefu, pasipo mtu kugeuka nyuma.

Watu wa Beni hawahitaji kufasiriwa jambo hilo. Tangu mwezi wa kumi 2014 wengi wameuawa katika vijiji na mashamba ya huko, na mama anayekwenda kuvuna kakao huyachungua majani kwanza. Mwenye macho hayo huwaogopea wamama wa Monet, ijapo wao wenyewe hawaogopi kitu.

Katekista atakayeitumia picha hii asianze na jina gumu la Kifaransa. Aanze na yule mtoto wa mbele, awaulize watu majani yanamfika wapi.