Picha Mbali, Sauti Karibu: Ufundi wa Hofu katika Filamu ya Uswidi

Filamu ya Uswidi iitwayo Låt den rätte komma in, iliyoongozwa na Tomas Alfredson mwaka 2008 kutokana na riwaya ya John Ajvide Lindqvist, hutisha kwa njia isiyo ya kawaida, kwa kuwa picha yake husimama mbali na tukio ilhali sauti yake humsogelea mtazamaji hadi sikioni, na ufundi huo hudhihirika zaidi filamu inapotazamwa mara ya pili, wakati kisa chenyewe kimekwisha kujulikana. Kisa hicho ni cha Oskar, mvulana wa miaka 12 anayeonewa shuleni katika mtaa wa Blackeberg, Stockholm, mwaka 1982, na cha Eli, jirani mpya mwenye umbo la mtoto anayeishi kwa kunywa damu. Wote wawili hawana kundi linalowapokea.

Eli anapomrukia mtu mzima aliyemhurumia chini ya daraja, mpiga picha mkuu Hoyte van Hoytema hutumia shoti pana, yaani picha inayowaonyesha watu wakiwa wadogo ndani ya mazingira makubwa, hivyo kwamba mauaji huonekana kama yanavyoonwa na mpita njia asiyeweza kusaidia. Filamu ya Marekani ya mwaka 2010 iliyosimulia upya kisa hichohicho iliongeza miondoko ya kasi iliyotengenezwa kwa kompyuta mahali hapo, na hofu ikapungua. Ukweli kwamba uwazi hutisha kuliko giza haupaswi kumshangaza mkazi wa Mashuuru, nchini Kenya, ambaye huiona nyika ikienea pande zote; mwongozaji wa Kenya Mbithi Masya naye aliwaweka wahusika wake waliokufa kwenye nyika yenye jua katika filamu ya Kati Kati ya mwaka 2016.

Sauti hufanya kazi iliyo kinyume cha ile ya picha. Pumzi na tumbo linalounguruma kwa njaa husikika kana kwamba mtazamaji ameegemea kifua cha mhusika, na maneno ya Eli, anayeigizwa na Lina Leandersson, yalirekodiwa upya kwa sauti nzito zaidi ya Elif Ceylan, jambo linalomfanya mtoto huyo aonekane mzee bila kupakwa rangi yoyote usoni.

Kanuni kwamba mnyonya damu haingii ndani asipokaribishwa inaeleweka upesi kwa watu wanaopiga hodi na kungoja, ingawa inatofautiana sana na uvumi wa mumiani wa enzi za ukoloni, ambamo mnyonya damu alimkamata mtu bila kuomba ruhusa. Oskar, kwa kejeli ya kitoto, anakataa kutamka ukaribisho; Eli anaingia hata hivyo, anatetemeka, damu inamchuruzika machoni na masikioni, na hapo ndipo kamera, iliyozoea kujitenga, inapomkaribia. Uamuzi huo ni wa busara kubwa, kwa kuwa ukaribu umewekwa akiba kwa ajili ya maumivu ya Eli badala ya kutumiwa kwa wale anaowaua.

Kwenye bwawa la kuogelea, Oskar anakandamizwa chini ya maji na wale wanaomwonea, na kamera inabaki naye humo, sauti za juu zikififia. Miguu inaburutwa juu ya maji, kichwa kinaanguka, mkono uliomshika unazama. Mashambulizi yenyewe ya Eli hayaonyeshwi, bali matokeo yake tu, tena kutoka mahali alipo Oskar, ambaye haoni zaidi ya hayo.

Onyesho la paka wanaomvamia mwanamke aliyeng'atwa na Eli ndilo dhaifu kuliko yote, kwani paka wa kompyuta wanaonyeshwa kwa karibu na kwa mwanga wa kutosha, na mtazamaji wa mara ya pili anaanza kukagua manyoya yao badala ya kumhofia mwanamke huyo.