Mwalimu Mtarajiwa katika Rosa Mistika

Wahakiki wengi wameisoma Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, kama kisa cha msichana aliyeharibika. Usomaji huo si wa makosa, lakini husahau jambo moja: Rosa ni mwalimu mtarajiwa. Kutoka nyumbani Ukerewe anapitia shule ya wasichana hadi chuo cha ualimu Morogoro. Kwa hiyo riwaya inauliza pia mwalimu hutengenezwa na nani.

Kiswahili chenyewe kina majibu mawili. Neno mwalimu, lenye asili ya Kiarabu, latazama elimu: mwenye kujua ndiye mwenye kufundisha. Lakini kufundisha kumetokana na kufunda, na kufunda ni kazi ya mzazi na kungwi kabla ya kuwa ya shule. Aendaye chuoni huenda akiwa amekwisha kufundwa. Hapo ndipo penye uzito wa methali isemayo kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Amfundaye Rosa ni Zakaria, baba mlevi anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Fimbo hiyo yamfunza kuwaogopa wanaume. Haimfunzi kuwajua wala kujiamulia. Mkubwa, kwake, ni mtu wa kuogopwa au kukwepwa. Huko Morogoro, mkuu wa chuo anapomtaka kimapenzi, mamlaka ya mwalimu yanamjia katika sura ile ile ya mamlaka ya baba: nguvu bila ulezi. Chuo kilichotarajiwa kuyarekebisha malezi kinayaendeleza, na huo ndio ukali wa Kezilahabi.

Hata hivyo, riwaya ina pengo. Yaeleza zaidi yanayompata Rosa nje ya darasa kuliko ajifunzayo ndani yake. Msomaji haoni vya kutosha jinsi Rosa mwenyewe anavyouona ualimu: kama wito, kama mshahara, au kama njia ya kuikimbia nyumba ya babaye. Kwa sababu hiyo, Rosa anapojiua, msomaji humlilia binti na mchumba, wala si mwalimu aliyepotea.

Pamoja na hayo, swali la riwaya lawahusu wote wanaofunza walimu. Mwanachuo haji na daftari tupu. Huja na fimbo aliyopigwa na heshima aliyofundwa. Chuo kisichoyachunguza hayo humpa cheti tu, na malezi yale yale huingia naye darasani.